Mgonjwa Kidogo

Lusaka, 2 Machi 2025

Dada Dancille,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, wewe na Mama na wote mliobaki hapo Nyamitaba. Mimi ni mzima, ila jua la hapa halina adabu, na viazi vyao havina ladha. Namshukuru Mungu hata hivyo.

Leo nimeingiza dosye yangu ya kuomba visa ya mwekezaji. Cheka tu, najua unacheka. Mimi Straton, niliyekuwa nanuka maziwa mpaka kanisani, sasa karatasi zinaniita mwekezaji! Mwanasheria wangu, mama mmoja mkali mwenye miwani mikubwa, amenifundisha nilitamke neno hilo bila kuinamisha kichwa. Kampuni imeandikishwa. Nyumba ya kutengenezea formaji, jibini yetu ya kilimani, nimeipanga nje ya mji, mbao za kulazia formaji nimezipiga mwenyewe, na kuna wafugaji waliokubali kuniuzia maziwa. Lakini sina ruhusa ya kuuza hata kipande kimoja kabla visa haijatoka.

Kuna sharti moja linalonibana. Mwanasheria ameniambia nisitoke nje ya nchi hii kabla hawajanijibu. Nikivuka mpaka, dosye inafungwa na kazi yote inaanza upya.

Unajua kwa nini navumilia haya. Tangu watu wa bunduki walipotuchomea nyumba ya formaji na kuondoka na ng'ombe wetu, sijalala vizuri nikijua Mama bado yuko hapo kilimani anasikiliza bunduki. Nikishakuwa na visa nitaweza kumwombea na yeye aje akae kwangu. Msomee polepole mahali hapa, arudie kusikia.

Mnara wa simu ukiwa umekufa hivyo, tusimchoshe Fifi lakini tusimwache. Barua zako mpe anapokuja kununua formaji kwa majirani. Akifika Goma atazipiga picha anitumie, na zangu atazichapisha kwenye karatasi akuletee.

Ndugu yako,
Straton


Nyamitaba, 14 Machi 2025

Kaka Mwekezaji,

Tumepata barua yako. Nilimsomea Mama, akaniambia nianze tena mwanzo, na kwenye "aje akae kwangu" akanishika mkono nisiendelee. Halafu akauliza: "Ngombe za kule zinaitikaka jina? Ao zinakuwaka tu ngombe?" Ukijibu hilo vizuri, labda atakuja.

Huku maharage yameota vizuri kwenye shamba la juu. Kwaya ya parokia ina watoto wapya, hawajui kuimba lakini wana nguvu. Simu yangu sasa ni tochi tu, nashukuru inawaka. Mama ni mgonjwa kidogo. Baba mdogo Barthélemy anakusalimia kutoka Mpofi, biashara yake ya mafuta ya mawese inakwenda.

Fifi yuko mlangoni anapiga kelele kwamba pikipiki haimngoji mtu. Nakuacha.

Dada yako,
Dancille


Nakonde, mpakani, 19 Machi 2025

Dada,

Nimeelewa. Hukuwa na haja ya kuzunguka na habari za kwaya.

Papa wetu alipokufa nilikuwa shuleni Goma, na mliniandikia hivyo hivyo: "Papa ni mgonjwa kidogo." Nilifika na machungwa ya kumpa mgonjwa, nikakuta watu wamekaa uani na moto wa kilio umewashwa. Hakuna mtu wa kwetu anayeandikiwa kifo kwenye karatasi. Anaitwa kwa neno "kidogo", aje alie akiwa amezungukwa na watu wake. Nalijua neno hilo kama ninavyojua jina langu.

Navuka mpaka asubuhi hii. Mwanasheria alinipigia kelele kwenye simu, nikamwambia mama huzikwa mara moja tu. Dosye waifunge.

Ninaloomba ni hili tu, msimzike kabla sijafika. Nataka kumwona uso. Mwambieni Baba mdogo azuie, hata kama padri anaharakisha. Nakuja bila kulala njiani.

Straton


Nyamitaba, 22 Aprili 2025

Kaka Straton,

Natumaini umefika salama Lusaka. Huku watu hawajaacha kusimulia. Juzi sokoni mtu ambaye simjui alinieleza mimi, dada yako, jinsi ulivyoteremka kwenye pikipiki umevaa nyeusi, unalia kwa sauti, na Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza: "Ni nani amekufa?" Alinieleza vizuri kuliko nilivyoona mwenyewe.

Ilikuwa malaria, kaka. Malaria ndogo ya kunywa vidonge na kurudi shambani. Niliandika kama mtu anavyoandika habari za nyumbani, sikufikiri. Nisamehe. Mara ya kwanza katika maisha yangu nasema neno kwa maana yake, na neno lenyewe likakuangusha.

Mama anacheka mbele ya watu, hasa akisimulia ulivyomkumbatia mpaka mwiko ukadondoka. Lakini tangu ulipomwambia dosye imefungwa, nimemkuta mara nyingi peke yake amejiinamia. Anasema malaria yake imekula kazi ya mtoto wake. Nimemwambia aache, hasikii. Leo ameniita nichukue kalamu, na haya ni maneno yake mwenyewe, sijagusa hata moja:

"Straton mutoto yangu. Kuanzia leo, kidogo iko kidogo. Dancille akiandika niko mugonjwa kidogo, ujue niko mugonjwa kidogo, kunywa maji, endelea na kazi. Siku nitakufa, ataandika nimekufa. Nimemuapisha. Usikimbie tena juu ya mama muzee. Kaa kule mpaka bakupe ile karatasi. Ukirudi tena bila karatasi, nitakuchapa na ule mwiko."

Nimeapa kweli, mkono juu ya Biblia, na maharage yanaungua jikoni. Sasa unajua amri ya nyumba hii.

Dada yako,
Dancille


Lusaka, 6 Mei 2025

Dada Dancille,

Mwambie Mama nimepokea amri. Kidogo ni kidogo. Nimecheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Baada ya kucheka, nikuambie mengine. Nilikukasirikia, dada. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasema nawe kichwani, na si maneno mazuri. Dosye imefungwa kweli. Mfugaji mmoja amechoka kuningoja, maziwa yake anampa mtu mwingine. Mwanasheria alivua miwani, akaniuliza kama mama yangu ana desturi ya kufufuka. Nilijaribu kumweleza neno letu. Akasema katika kazi yake neno likiandikwa lina maana ile iliyoandikwa, na nijizoeze hivyo kabla hawajaniita kwenye mahojiano.

Hasira imekwisha sasa. Mama yuko hai, na mimi nilimshika kwa mikono yangu nikiwa nimeshamlia, nani mwingine amepewa bahati hiyo?

Tumeingiza dosye mpya. Ila safari hii mwanasheria amenionya: nikiondoka tena kabla ya jibu, nisimtafute, kwa sababu hawataipokea ya tatu. Mahojiano yatakuwa mwishoni mwa Agosti. Mpaka siku hiyo mimi ni mfungwa wa Lusaka. Niombeeni.

Mwambie pia ng'ombe za huku hazina majina. Zina namba masikioni. Nikipata za kwangu, yeye ndiye atakayezipa majina.

Straton


Kibabi, 11 Agosti 2025

Kaka Straton,

Nakuandikia kutoka Kibabi, kwenye kituo cha afya. Mama ni mgonjwa kidogo. Niko kando ya kitanda chake, na unamjua, hataki niandike mstari bila kumsomea, kwa hiyo barua hii tunaiandika wawili.

Baba mdogo Barthélemy amefika kutoka Mpofi. Barabara haipitiki kwa gari, ametembea. Amekaa hapa nje na wanaume wengine. Padri naye alipita jana kumsalimia Mama, wakasali pamoja. Viazi hatujachimba bado, lakini majirani wamesema tusihangaike, watachimba wao.

Mama anakusalimia sana. Anasema: "Muambie nimemubariki, yeye na kazi ya mikono yake." Anasema tena ng'ombe wa kwanza umwite Gisubizo, kwa sababu atakuwa jibu la maombi.

Ukipata nafasi, fika.

Dada yako,
Dancille


Lusaka, 17 Agosti 2025

Dada yangu na Mama yangu, kwa kuwa najua mnasoma wawili,

Barua yenu imenifikia jana. Ngoja niwachekeshe. Nilipoona "mgonjwa kidogo", miguu iliondoka kabla ya kichwa. Nilikuwa nimeshatoa begi chini ya kitanda na kuweka mashati mawili, ndipo nikaikumbuka amri. Kidogo ni kidogo! Nikalirudisha begi mahali pake, nikanywa maji kama nilivyoagizwa, nikaendelea na kazi. Mama, unaona nimekuwa mtoto mtiifu uzeeni.

Mahojiano ni tarehe ishirini na sita. Kila siku mwanasheria ananiuliza maswali na mimi najibu: formaji hii inatengenezwaje, nitaajiri watu wangapi, kwa nini nimechagua nchi hii. Swali la mwisho ndilo gumu, maana jibu la kweli ni kwamba huku hakuna bunduki na nataka mama yangu alale usingizi. Ameniambia niseme ni kwa sababu ya soko zuri.

Nimemtumia Fifi pesa anunue dawa nzuri za malaria pale Goma, na blanketi, maana Kibabi kuna baridi. Mama, meza dawa zote, usizigawe kwa majirani. Nafasi ya kufika nitaipata baada ya mahojiano, nikiwa na karatasi mkononi, nisichapwe. Ahsante kwa baraka. Nimeshaandika jina Gisubizo kwa chaki kwenye mlango wa zizi, ingawa zizi halina ng'ombe.

Mtoto wenu,
Straton


Lusaka, 28 Agosti 2025

Mama! Dada!

Wamenipa!

Waliniuliza yote yale na mengine ambayo hatukuyafikiria. Mzee mmoja kati yao aliniuliza formaji nilijifunza wapi, nikasahau kabisa maneno ya mwanasheria, nikamwambia nilijifunza kwa mama yangu, kwamba alikuwa akitia kidole kwenye maziwa na kujua kama yako tayari, na mimi mpaka leo nafanya vile vile ijapokuwa nimenunua kipimo. Akatabasamu. Leo nimepewa pasipoti ikiwa na visa ndani. Nimeitazama mpaka mwanasheria akasema nitaitoboa.

Sasa naweza kutoka na kuingia nitakavyo. Wiki hii naanza kupokea maziwa. Mama, anza kufunga mizigo yako, na usibebe sufuria, sufuria zipo. Nakuja kukuchukua mwenyewe kabla ya Noeli.

Kwa nini mmenyamaza? Fifi naye simu yake haiiti. Najua njia ni mbaya. Nijibuni upesi, furaha hii ni nzito kuibeba peke yangu.

Straton


Nyamitaba, 5 Septemba 2025

Kaka Straton,

Barua zako mbili zimenifikia leo pamoja, kwenye kreti moja na blanketi na dawa. Fifi alikuwa amekwama Sake, njia ilifungwa.

Mama amekufa. Niliapishwa niandike hivyo, nimeandika.

Alikufa Kibabi, siku kumi baada ya barua yangu. Ilikuwa ini, wauguzi waligundua wamechelewa. Tulimleta Nyamitaba kwa machela, vijana wakipokezana, tukamweka karibu na Papa. Tulikungoja, kaka. Baba mdogo alizuia maziko mpaka padri akamwita pembeni akamwambia haiwezekani tena. Udongo wa kwanza uliokuwa wako aliutupa Baba mdogo, akataja jina lako kwa sauti, watu wote wakageuka kutazama njia.

Utauliza kwa nini hakuna aliyekuandikia Lusaka. Kaka, nani angeandika Lusaka? Tulijua hauko Lusaka. Mara ile uliondoka siku ile ile uliyosoma neno, basi tukajua uko njiani. Hata baada ya maziko nilikuwekea chakula. Kila siku watu waliuliza amefika wapi, na mimi nilikuwa nikihesabu: leo yuko Tanzania, leo atakuwa Rwanda. Leo nimesoma kwamba ulirudisha begi chini ya kitanda.

Utauliza pia kwa nini sikuandika wazi. Alikuwa ananisikiliza! Ningemsomeaje mtu kifo chake mwenyewe na macho yake yananitazama? Nilipomsomea "mgonjwa kidogo" nilifikiri atanikemea kwa ajili ya ile amri. Akasema: "Acha vile. Straton atajua. Iko mutoto yangu." Fifi aliposoma barua ile alilia palepale mlangoni. Mimi nikaona, ikiwa Fifi ambaye si ndugu ameelewa, kaka yangu hatashindwa. Nilikuandikia Baba mdogo ametembea kutoka Mpofi. Nilikuandikia padri. Kwetu padri anakwenda kumsalimia mtu wa malaria?

Nimetaka kumaliza barua hii kwa kusema sikulaumu. Nimejaribu, haiandikiki. Nakulaumu, na najilaumu, na Mama pia namlaumu, Mungu anisamehe. Umepata visa. Nilifurahi, nakwambia kweli. Niliisoma barua ile ya visa kwanza, na nilisimama niende kumwambia.

Dancille


Lusaka, 11 Septemba 2025

Dada,

Barua yako imenifikia nikiwa mbele ya watu, mteja wa kwanza alikuwa anaonja formaji. Alisema ni nzuri. Nilimwomba radhi, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaanguka chini nikalia kama nilivyolia mwezi wa tatu, ila safari hii hakuna aliyetoka na mwiko.

Nilitii. Hilo tu ndilo nililonalo mdomoni, nilitii, na ninavyolisema linanichoma zaidi. Nimeisoma tena barua yako ya Kibabi. Baba mdogo ametembea. Padri amepita. Majirani watachimba viazi. Kila mstari ulikuwa unaniita, na mimi nilikuwa naangalia neno moja tu, kama mwanasheria.

Hapa hakuna wa kulia naye. Waliposikia, wafanyakazi walinipa mkono na kurudi kazini, ni watu wema, hawamjui. Nimekosa kilio cha mama yangu na hakirudiwi. Naweza kuvuka mpaka kesho nikitaka, visa inaniruhusu, naitazama na siioni kazi yake. Niliitafuta kwa ajili ya Mama.

Usinifariji. Nakuuliza jambo moja, nalo unijibu kama lilivyo, bila kunihurumia. Zile siku kumi, je, aliniulizia?

Straton


Nyamitaba, 19 Septemba 2025

Kaka yangu,

Nimekaa na swali lako siku kadhaa. Nilitaka kukudanganya. Baba mdogo naye alinishauri nikuandikie kwamba alikuwa amelala tu, hajui kitu. Lakini umeniomba.

Aliulizia. Kituo cha Kibabi kiko kando ya barabara, na kila pikipiki iliyopita aliniambia: "Dancille, fungua mulango, Straton njo huyu, amefika." Nilikuwa nafungua. Mara ni mtu wa makaa, mara ni askari, mara ni mwanamke na mtoto mgonjwa. Nikirudi alikuwa ananiuliza umekonda au umenenepa. Siku ya mwisho sauti ilikuwa imekwisha, akisikia injini ananyoosha kidole tu kuelekea mlangoni. Nilifungua, nikatazama barabara, nikarudi nikamwambia umefika kwenye kona ya kanisa, unalipa tu mwenye pikipiki.

Aliniamini, Straton. Alijaribu kukaa na akaniomba kwa mikono nimfunge kitambaa kichwani vizuri, usimkute hovyo. Nikamfunga.

Dada yako,
Dancille